Tangazo la Jumapili ya Tatu

Padre Ricardo huja Palma mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu na wanajeshi wakiruhusu. Jumapili nyingine zote kanisa liko mikononi mwangu mimi katekista: nasoma Injili, nawanyamazisha watoto, nafundisha wachumba. Ndiyo maana karatasi ile alinikabidhi mimi.

"Agostinho, utaisoma Jumapili tatu," aliniambia, mguu mmoja tayari uko garini. "Akitokea shahidi, andika maneno yake, watu wawili watie sahihi, niletee. Asipotokea, faili litakwenda mjini Pemba kwa askofu, na hapo tungoje."

Karatasi ilisema kwamba Clésio, kijana wa Mueda anayefunga nyaya kwenye mradi wa gesi, hajaoa, anataka kumwoa Benilde, fundi cherehani wa mtaa wetu. Baada ya jina la Benilde padre aliacha nafasi wazi, upana wa vidole vitatu. Hapo ndipo huandikwa kama mtu hajaolewa au ni mjane. Benilde aliolewa na Zeca kanisani humu humu, na Zeca hajaonekana tangu Machi ile mji wetu ulipovamiwa, miaka minne sasa. Kwa kanisa, mwanamke ambaye mumewe hajulikani alipo bado ni mke wa mtu. Chini kabisa padre aliandika: anayejua kama Zeca yu hai au amekufa, aseme.

Mimi nilijua. Nilimzika kwa mikono yangu.

Nalisema hili mapema kwa sababu sipendi hadithi za kumzungusha msikilizaji. Siku ile tulikimbia pamoja, mimi na Zeca, na risasi ikampata tumboni tukiwa tumekwisha kuupita mji. Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye mikorosho, nikamlaza kivulini. Aliomba maji. Nilikuwa na galoni la njano la lita tano, tupu. Nikamwambia nakwenda kijitoni, narudi sasa hivi. Nilipokwisha kulijaza nikasikia bunduki upande alikokuwa yeye, nami nikakimbia upande mwingine, galoni mkononi. Maji yale niliyanywa mimi. Niliporudi asubuhi ya pili alikuwa amekufa. Jeraha lilikuwa lile lile moja, maana wavamizi hawakumfikia kabisa. Alikuwa amelala ubavu, uso kaelekeza kwenye njia niliyoondokea. Nilichimba kwa panga na kwa kucha, nikamfukia, nikaenda zangu. Watu wa kwanza niliokutana nao waliniuliza Zeca yuko wapi, nikasema tulipotezana.

Neno hilo moja nimelilinda miaka minne kama mali.

Mwaka huu darasani nilikuwa na wachumba hao wawili tu. Jumamosi ya kwanza niliwafundisha habari za Rebeka. Ni somo ninalolijua hata nikiwa na homa: mtumishi wa Ibrahimu ametumwa nchi ya mbali kumtafutia Isaka mke, anasimama kisimani jioni, hajui aanzie wapi, anamwomba Mungu alama. Msichana atakayeombwa maji, akampa yeye na kuwatekea na ngamia wake wote, huyo ndiye. Na kabla hajamaliza kuomba, Rebeka huyo anakuja na mtungi begani. Huwa nawaambia wachumba: mnaona, Mungu hutangulia njiani kabla ya sisi kufunga mizigo. Kisha nalipita haraka lile la maji.

"Mwalimu," alisema Benilde, "yule mtumishi hakuwa anamjaribu Mungu?"

"Alikuwa anaomba alama. Kujaribu ni jambo jingine."

"Basi na mimi nimeomba yangu." Alikuwa anaizungusha pete ya uchumba kidoleni. "Jumapili tatu zikipita bila mtu kusimama, nitajua Mungu ananiambia Zeca yu hai, au nimngojee hata kama hayupo. Sitangoja karatasi za Pemba. Clésio nitamwambia aende akatafute wa kwake, na mimi nitabaki na mama."

Mama aliyemtaja ni Mama Isabel, mama yake Zeca. Wamekaa nyumba moja tangu wakati ule.

"Mwalimu, mwambie," Clésio alisema. "Nimeongea mpaka basta, nimechoka. Wewe atakusikia."

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kuwakaripia kwamba wamechelewa nusu saa na kwamba kozi hii si soko. Kuhusu alama nikasema ni jambo la mtu na Mungu wake. Waliinama wote wawili kama watoto wa shule, na mimi nikajiona mnafiki wa kutupwa.

Jumapili ya kwanza nilisoma mbio. Kwenye nafasi iliyoachwa wazi niliruka, kama mtu anayeruka dimbwi. Mama Isabel alikaa benchi la mbele, kichwa kakisogeza mbele kwa sababu masikio yake yamechoka. Kila siku mama huyu hupakua chakula cha Zeca, hukifunika kwa sahani, na asubuhi huwapa kuku. Mtaa mzima unajua. Niliuliza kama yupo anayejua neno. Nilihesabu mpaka kumi, nikasema tuendelee.

Wiki ile sikulima. Nilikwenda shamba, nikasimama na jembe, nikarudi. Nilijitungia hoja nyingi: kwamba huenda yupo mwingine aliyemwona, kwamba Mungu hakosi watu, kwamba maiti haiongezewi wala haipunguziwi kitu na maneno yangu. Hoja zilikuwa nzuri mpaka nilipowaona Benilde na Mama Isabel wakipita na ndoo zao, mmoja mbele mmoja nyuma, na mimi nikageuza uso.

Jumamosi ya pili ilikuwa zamu ya Ruthu. Ningeweza kuliacha, lakini Benilde alikuwa amekwisha kulisoma. Nikawaeleza juu ya mjane aliyekataa kumwacha mama mkwe wake, na mama mkwe huyo huyo ndiye aliyemtafutia kesho yake na kumwelekeza kwa Boazi. Boazi naye hakumchukua mwanamke kichochoroni. Alikwenda kwenye lango la mji, akaketi, akaita wazee kumi, akalisema jambo lote mbele yao, nao wakakubali kwamba ni mashahidi.

"Kwa hiyo bila wale wazee ndoa isingekuwepo?" Clésio aliuliza.

"Isingekuwepo."

"Wao walipata kumi. Sisi tunatafuta mmoja tu."

Hakusema kwa ubaya. Anayo sauti ya upole, hata nguzo za umeme nadhani anazibembeleza. Nilifunga Biblia nikawaambia somo limekwisha, kichwa kinaniuma, na kweli kilikuwa kinauma.

Jumapili ya pili mtu alisimama. Nilikuwa nimefika kwenye maneno ya mwisho, mvua inagonga bati, nikamwona Nuro, fundi seremala, anainuka benchi la nyuma. Nilishukuru na kuogopa kwa pumzi moja: aliniona siku ile, alikuwepo, atasema yeye na mimi nitapona, au atasema yote na mimi nimekwisha. Nuro akavuta dirisha akalifunga, maana mvua ilikuwa inamlowesha, akakaa. Benilde naye alikuwa amemgeukia. Alipourudisha uso wake mbele, sikuweza kuutazama.

Jumamosi ya tatu sikufundisha. Mke wangu Márcia alikuwa anapiga pasi shati langu jeupe, pasi ya mkaa, na mimi nimekaa mlangoni nikijifanya natengeneza ndala.

"Siri ya mtungi muulize kata," alisema, kama anayeongea na shati. "Kata wa nyumba hii ni mimi, Agostinho. Miaka minne kila ukinywa maji unatazama ndani ya kikombe kwanza. Wachumba unawafundisha wasifichane. Mimi sijakuuliza hata siku moja."

Nikamwambia. Yote, mpaka galoni. Nilitegemea angeiacha pasi aje kunishika bega. Aliendelea na ukosi.

"Wataninyang'anya ukatekista," nilisema. "Mama Isabel atanilaani."

"Huenda."

"Nilikuwa nangoja labda Mungu atatoa shahidi mwingine."

"Shahidi amekwisha kumtoa," alisema Márcia. "Kesho atavaa shati hili."

Asubuhi shati lilinibana shingoni, na halijawahi kunibana. Kanisa lilijaa. Wengine hawakuja kusali, walikuja kuona mwisho wa jambo, na siwalaumu. Nilisoma Injili bila kujua ninasoma nini. Nikashika karatasi. Nilisoma jina la Clésio, nikasoma la Benilde, nikaruka ile nafasi, nikasoma mpaka chini. Anayejua neno, aseme.

Hakuna aliyesema. Jogoo wa jirani aliwika nje. Benilde alikuwa amefumba macho na midomo yake inacheza, na Clésio kashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Nilihesabu mpaka kumi, nikaendelea mpaka ishirini. Benilde akafumbua macho. Hakulia. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyejibiwa, akaanza kuivua pete.

Nikaona jambo ambalo wiki tatu nilikataa kuliona. Mwanamke yule alikuwa ameusikia woga wangu, akadhani ni sauti ya Mungu. Na aliyemfundisha kusikiliza namna ile ni mimi.

"Najua mimi," nilisema. "Zeca amekufa. Nilimzika mimi."

Mama Isabel aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Sikusikia, mwanangu. Umesemaje?"

Ikanibidi niseme mara ya pili, kwa sauti, neno kwa neno, kama ninavyomsomea Injili kila Jumapili. Nilisema mkorosho uko wapi. Nilisema kijito, galoni, bunduki, njia niliyokimbilia. Nilisema kwamba walioniuliza niliwadanganya, na kwamba nimewadanganya watu wa kanisa hili kila niliposimama kuwasomea Injili. Clésio alikuwa amesimama. Kuna mtu nyuma alitukana kwa Kimakonde, na hakuna aliyemkataza.

Mama Isabel alingoja nimalize.

"Alikufa na kiu?" aliuliza.

Ningeweza kusema sijui. Mtu wa huruma angesema hapana.

"Ndiyo, mama."

Mkono wake ulikuwa unalainisha kapulana, kitenge alichojifunga, magotini, unalainisha mahali ambapo hapakuwa na mkunjo. Benilde alimsogelea, pete ikiwa nusu kidoleni, lakini hakumgusa. Mimi nilisubiri laana, maana niliistahili na nilitaka iniangukie nipate kukaa chini.

"Soma upya ile karatasi," Mama Isabel alisema mwishowe. "Ile sehemu unayoiruka. Mimi nina masikio mabovu, lakini najua unairuka."

Nilijaribu. Sauti haikutoka. Ulimi ulikuwa umeganda kwenye kaakaa, koo limekauka kabisa. Watu wananitazama.

Mama Isabel akamgusa Benilde gotini. "Mwanangu," alisema, "mpe maji asome."

Benilde aliinuka. Alikwenda mlangoni kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akachota kikombe cha plastiki, akaja nacho kati ya mabenchi, polepole kwa sababu alikuwa amekijaza mno. Alininyooshea bila kunitazama usoni. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikanywa, mbele ya mama yake Zeca, nikanywa mpaka chini. Kisha nikasoma: Benilde, mjane.