Maji ya Njano Siku ya Mkaguzi

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Karakanani wananiita Mama Ndimu, na kila mtu ana sababu yake. Wengine wanasema ni kwa kuwa kutwa nashinda na asidi, wengine wanasema ni huu ulimi wangu. Sijawahi kuwauliza. Miaka kumi na tisa nimesimamia maji machafu ya karakana hii, huko nyuma ambako wageni hawapelekwi, na miaka kumi na minane yote hakuna aliyenitafuta kwa kosa.

Kule mbele wanachovya vyuma: mabomba ya bafuni, vitasa vya milango, bampa za magari. Chuma kinaingia kimechakaa, kinatoka kinang'aa mpaka unaweza kujitazama meno. Kazi nzuri, sikatai. Lakini kromu inayokipa chuma ule mng'ao inaacha maji ya njano, njano ya kutisha, na maji yale ni sumu. Ukiyaachia mtaroni yanateremka mpaka kwenye bustani za mboga kule bondeni, na mboga zile zinaliwa na watoto wa watu. Ndiyo maana mimi nipo.

Nina matangi matatu, yamepangwa ukutani. Tangi la kwanza natia asidi mpaka karatasi ya kupimia inakuwa nyekundu, halafu natia unga wa salfa. Unga ule unainyang'anya kromu ukali wake, na hapo ndipo raha yangu ilipo: unakoroga, unakoroga, mara ile njano inakufa mbele ya macho yako na maji yanakuwa kijani. Tangi la pili natia chokaa, ile kijani inaganda vibonge vibonge. Tangi la tatu halina kazi ila kutulia. Vibonge vinazama, maji meupe yanabaki juu, nafungua koki yanakwenda zake.

Basi mwaka huu mkosi ukaingia. Mkaguzi wa maji alikuja mara ya kwanza, akachota tangi la tatu, akadondosha dawa yake matone matatu, chupa ikawa zambarau. Zambarau maana yake kromu kali bado imo. Akaja mara ya pili, zambarau tena. Nami nina dawa ileile kabatini, napima kila siku kabla sijafungua koki, na kila siku maji yangu ni meupe! Siku za kawaida safi, siku ya mkaguzi chafu. Nilikosa usingizi, jamani.

Barua ya tatu ikasema atakuja Alhamisi, saa nne asubuhi, na safari hii chupa ikigeuka rangi karakana inafungwa. Watu thelathini na wawili warudi makwao. Meneja alituita wote uani akaisoma kwa sauti, akaikunja, akanitazama mimi.

"Mama Ndimu," akasema, "labda umri umekwenda. Labda macho hayaoni rangi vizuri."

Mbele ya watu wote! Mimi ambaye najua rangi za matangi yale kuliko za nguo zangu. Nilitaka kumjibu jibu la kumlaza na viatu, lakini machozi yalinitangulia. Nikaenda nyuma ya magunia ya chokaa, nikalia. Ndiyo, nililia, na asiyewahi kulia kazini anyooshe mkono.

Jumatano nilifanya kila kitu kwa mkono wangu. Nilipima asidi mara mbili, unga nikaupima kwenye mizani, chokaa nikaikoroga mpaka bega likauma. Jioni tangi la tatu lilikuwa jeupe pee. Nikadondosha dawa yangu, hakuna zambarau wala kivuli chake. Koki sikufungua, mkaguzi ayakute; nikaenda nyumbani nimetulia moyo.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikafungua mlango wa nyuma. Maji yalikuwa ya njano.

Nilishika ukingo wa tangi, nikachota chupa moja, nikaisimamisha dirishani. Njano nyepesi, lakini njano. Kijani iligeuka kurudi ilikotoka, usiku mmoja tu, bila mtu kuigusa. Sasa niambie, kromu iliyokwisha kunyang'anywa ukali, nani kairudishia?

"Wifi, mbona umeduwaa hivyo kama umeona jini?"

Alikuwa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, msafishaji wa karakana. Mimi na yeye tulianza kutaniana siku ya harusi yake na hatujamaliza mpaka leo. Kasimama mlangoni na ndoo, kifua mbele.

"Kabla hujaninunia," akasema, "hebu njoo uone sakafu yangu. Jana mlipoondoka nilibaki na kazi. Nimesugua, wifi, nimesugua mpaka sakafu inaniogopa. Mkaguzi akiteleza leo ni kwa usafi."

Nilitaka kumwambia aniondokee na sakafu yake. Lakini aliponisogelea nikaisikia harufu mikononi mwake. Kali, ya kuchoma pua.

"Umesugulia nini?"

"Klorini. Meneja alileta madumu mawili. Si kila akija mgeni tunatoa klorini? Siku nyingine ni sabuni tu, hiyo klorini ni ya wageni."

"Na mara mbili zile alipokuja mkaguzi?"

"Klorini pia. Kwani we hunijui? Mimi nimwaibishe mtu mbele ya mgeni?"

Nikatazama chini. Sakafu ile ina kijito cha kupitishia maji katikati, chenye kichuma cha matundu. Zamani kilikuwa kinamwaga barabarani. Mwaka jana tukaambiwa maji ya sakafu yasitoke nje bila kutibiwa, akaletwa fundi bomba. Alitakiwa akiunganishe na tangi la kwanza. Tangi la kwanza liko mbali, la tatu liko hapahapa, na fundi yule alikuwa na haraka zake. Akakiunganisha na la tatu, na sote tukasema ahsante fundi.

Hapo kichwa changu kikafunguka. Unga wa salfa unainyang'anya kromu ukali, na klorini inaurudisha. Na mahali inapoweza kuurudisha vizuri ni palepale, kwenye maji yenye chokaa. Kumbe kila tulipojipamba kwa ajili ya mkaguzi, tulikuwa tunamchemshia sumu yetu upya. Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka wifi akaweka ndoo chini.

"Umepatwa na nini?"

Nilipomweleza, uso ulimshuka. "Ina maana ni mimi? Watu thelathini na wawili, ni mimi?"

"Si wewe, ni bomba. Utalia kesho. Leo vaa glavu."

Ilikuwa saa moja kasoro. Mkaguzi saa nne. Kutibu maji kunataka muda wa saa mbili na ushee, na kutulia je? Ilikuwa kufa na kupona. Wifi aliziba kijito kwa matambara na mfuko wa mchanga, kisha akanyanyua dumu la asidi.

"Weka chini!" nilipiga ukelele. "Asidi ikikutana na klorini inatoa hewa ya kutuua wote wawili hapahapa. Kwanza tunaiua klorini. Leta unga."

Tukatia unga wa salfa kwenye tangi la tatu, yeye akakoroga kwa mti, mimi nikiinama kunusa kwa mbali. Tukatia tena. Ile harufu ya kuchoma pua ikapungua, ikakata kabisa. Nikawasha pampu ndogo, tukarudisha maji yote tangi la kwanza, hadi tope la chini. Nusu saa pampu inakohoa na mimi naiapiza.

Ndipo Meneja akatokea, tai shingoni. Akaona njano kwenye tangi, akashika kichwa.

"Tumekwisha! Mama Ndimu, leta mpira wa bomba. Ongeza maji safi, mengi, mpaka rangi ipotee."

"Sitaongeza."

"Nimesema leta mpira!"

"Na mimi nimesema siongezi maji kwenye sumu kama muuza maziwa. Sumu itakuwa ileile, itasambaa tu, itakwenda kwa watu wa bondeni. Ukitaka nifukuze, lakini nifukuze saa nne na dakika moja. Kabla ya hapo, tafadhali bosi, tupishe."

Akageuka, akaenda zake. Wifi alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Kumbe ndimu ina mbegu," akasema, na tukarudi kazini.

Tukavaa barakoa, tukafungua madirisha yote. Asidi nikaitia mimi, taratibu, karatasi ikawa nyekundu. Halafu unga. Wifi alikuwa ameshika mti wa kukorogea, miaka sita yuko karakana ile na hajawahi kuiona kazi yangu.

"Koroga, usichoke."

"Sichoki. Mbona bado njano?"

"Koroga."

Ikawa njano chafu. Ikawa rangi isiyo na jina. Halafu pale kwenye mti wa wifi ikaanza kijani, ikatambaa, ikashika tangi zima.

"Wifi!" akapiga kelele. "Wifi imegeuka! Ona, imegeuka!"

Miaka kumi na tisa nimeiona peke yangu rangi ile ikigeuka. Nilijikuta nimemshika mkono, na glavu zetu zote chafu.

Chokaa ikaingia saa mbili na nusu, vibonge vikaanza kuganda. Saa tatu kasoro kumi maji yalikuwa yameteremka tangi la tatu, yamechafuka kama maji ya kuoshea mchele. Sasa hakuna la kufanya ila kungoja. Na saa tatu na robo, nani huyo uani? Mkaguzi, na sanduku lake la chupa.

"Nimewahi," akasema, "basi nichote nimalize."

Meneja alikuwa nyuma yake, jasho linamtoka. Mimi nikasimama mbele ya tangi, nimeshika kiuno.

"Shikamoo baba. Barua yako inasema saa nne."

"Marahaba. Barua inasema hivyo, ndiyo."

"Basi nakuomba hiyo saa nne. Sikufichi kitu." Nikamweleza yote: klorini, kijito, bomba, njano ya asubuhi. Meneja alinikonyeza ninyamaze mpaka jicho likachoka. Nikampa ile chupa niliyoichota saa kumi na mbili na nusu. Mkaguzi akaidondoshea matone matatu, ikawa zambarau iliyokolea.

"Na klorini iliyotumika ni ipi?" akauliza.

"Ile ya madumu mawili," wifi akajibu, na akayanyooshea kidole. Yalikuwa mlangoni, mwandiko wa Meneja ubavuni: *Kwa ajili ya ukaguzi tu.*

Mkaguzi alisoma. Akasoma tena. Akageuza ndoo kifudifudi, akaketi juu yake, akatazama saa yake. "Nitangoja," akasema.

Habari ilifika mbele. Wachovyaji wakaanza kuja mmojammoja, wasugua vyuma, mlinzi wa geti, yule dada wa ofisini, mpaka huko nyuma ambako wageni hawapelekwi kukajaa watu. Vibonge vilishuka. Vilishuka polepole mno, nikavisukuma kwa macho, nikavisukuma kwa moyo. Kidole kimoja cha maji meupe juu. Kiganja. Mkono mzima.

Saa nne kamili Mkaguzi akainuka. Akachota, akainua chupa kwenye mwanga. Tone la kwanza. La pili. La tatu. Akatikisa, akangoja, sote tumebana pumzi, hata pampu nadhani.

Maji yalibaki meupe.

Akadondosha la nne, la ukaidi tu. Meupe.

"Yamepita," akasema. "Na mwezi huu bomba lile lihamishwe. Nitarudi kuangalia, na sitatoa taarifa, msije mkajipamba."

Kelele iliyopigwa pale sijawahi kuisikia. Mlinzi alirusha kofia ikaangukia tangi la pili, ikatoka kijani, na hakujali. Dada wa ofisini alikuwa analia na kucheka pamoja. Meneja alikuja mbele yangu, tai imelegea.

"Mama Ndimu," akasema kwa sauti ya chini.

"Sisikii. Uliniambia macho mabovu, labda na masikio yamefuata. Na uliniambia mbele ya watu."

Akageukia watu, akapaza sauti. "Nilimkosea huyu mama. Macho yake ni mazima. Mbovu ilikuwa amri yangu ya klorini. Nisameheni, na wewe mama, nisamehe."

"Nimesamehe," nikasema, na nilisamehe kweli, maana furaha ilinijaa mpaka haikubaki nafasi ya kinyongo.

Ilibaki koki. Koki ile haijaguswa na mkono wa mtu mwingine tangu niajiriwe. Hata nikiumwa, maji hunisubiri. Wifi alikuwa amejibanza ukutani na ndoo yake, macho mekundu, bado anajihesabia kosa.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Fungua wewe."

"Mimi? Mimi niliyeharibu?"

"Wewe uliyekoroga. Fungua, wifi, usinichoshe."

Akashika koki kwa mikono miwili, akaizungusha. Maji yakatoka, meupe, yakapiga kelele kwenye mtaro, yakateremka kuelekea bondeni kwenye mboga za watu. Watu walipiga makofi. Wifi alisimama anayatazama, kifua kikarudi mbele taratibu.

"Wifi," akasema baadaye, bila kunigeukia, "sasa ile sakafu nisiisugue tena?"

"Sugua mpaka ikuogope," nikamjibu. "Ila kwa sabuni."