Ndama wa Mabua

Alfajiri Nabawiya aliweka ndoo chini ya nyati wake wa kufugwa, akakaa kwenye kigoda, akapaka chuchu samli, akavuta. Hakikutoka kitu. Kiwele kilikuwa kimejaa, lakini nyati alikuwa ameyazuia maziwa tangu ndama wake alipouzwa kwa mchinjaji. Alisimama ameelekeza shingo upande wa mfereji, kama mwenye kungoja mgeni.

Ndama aliuzwa ili maziwa yote yaingie ndooni. Zamani aliyekuwa akikama ni Inshirah, mke wa Sabri, mwana wa Nabawiya, na kila asubuhi alimwachia ndama chuchu moja. "Na yeye ana tumbo, mama," alikuwa akisema. Nabawiya aliona huo ni upotevu. Akamwambia mwanawe, akamwambia tena, mpaka Sabri akatoa talaka. Inshirah akavuka daraja kurudi kwa kaka zake, ng'ambo ya mfereji. Binti yao mdogo, Warda, akabakizwa. Sabri alisema mtoto ni wa nyumba ya baba yake, na wale kaka hawakuwa watu wa kubishana.

Mama Ragab, jirani ambaye haji mikono mitupu, alileta pumba na ngozi ya yule ndama, aliyoiomba kwa mchinjaji. Wakaitia chumvi, wakaishona, wakaijaza mabua ya mpunga kama walivyofanya mama zao.

"Mwoneshe wakati wa kukama tu," Mama Ragab alionya. "Ukimaliza, itundike ukutani. Asilale nayo."

Nyati aliinusa ngozi, akailamba, maziwa yakashuka. Nabawiya alipokuja kuiondoa, nyati alikuwa ameilaza shingo juu ya ngozi, amefumba macho. Nabawiya akamwonea huruma, akawaacha walale pamoja.

Haukupita muda mrefu ndama wa mabua akasimama. Akawa anamfuata mama yake kwenye majani, akidondosha mabua njiani, na bata nyuma yake wakiokota punje zilizosalia. Kwa kuwa hakunyonya, nyati wa Nabawiya alitoa maziwa kuliko wote kijijini. Bwana mifugo alikuja, akampima nyati kwa utepe, akampima na ndama, akasema anakua vizuri, ila asinyeshewe.

"Huyu ndiye ndama," alisema Mama Ragab. "Hali, hanywi. Laiti Ragab wangu angekuwa hivi."

Warda alikuwa na mazoea ya kulia jua likizama, na wali wa maziwa hakuutaka. Jioni moja alisimama mlangoni pa zizi, akamtazama nyati akimlamba mwanawe.

"Bibi," alisema, "na mimi nishonee mama."

Nabawiya aliingia ndani. Alitoa gauni ambalo Inshirah alilisahau kambani, akalijaza mabua, akalifunga shingo na mikono kwa uzi, akalilaza kando ya mtoto. Warda akaficha uso kifuani pake, akalala. Asubuhi aliamka nywele zimesukwa mikia miwili, kama alivyokuwa akisukwa na mama yake.

Inshirah hakuacha kumkatia nyati majani hata baada ya talaka. Aliyaweka penye daraja, akaondoka. Siku moja Nabawiya alifika na Warda kabla Inshirah hajaondoka, na mtoto akamkumbatia magoti. Inshirah akampapasa kichwa.

"Nani anamsuka?"

"Mama yake," alisema Nabawiya.

Inshirah akaitazama ile mikia kwa makini. "Mwambie asikaze nyuma ya masikio. Hapo anaumia."

Nabawiya alikuwa na neno mdomoni, neno dogo la kumrudisha mtu nyumbani. Sabri angemsikiliza mama yake, kama alivyomsikiliza mara ya kwanza. Lakini angerudi Inshirah, na ile chuchu moja nayo ingerudi kuwa ya ndama.

"Nitamwambia," alisema. Akaupokea mzigo wa majani, akamwombea Mungu aibariki mikono yake, akamshika Warda, wakaenda zao.

Jioni aliliambia gauni kama alivyoahidi. Gauni likainamisha shingo. Alfajiri Warda aliamka ameshika sikio, nywele zimekazwa vilevile. Nabawiya akazilegeza kwa kidole, akamtoa bua lililonasa humo, kisha akaenda kukama. Ndoo ilijaa hadi ukingoni.