Presha ya Amosi

Muuguzi Juliana alifunga kipimo kwenye mkono wa Amosi kwa mara ya tatu asubuhi ile, akabonyeza, na wote wawili wakasubiri. Mashine ikalia. Mia moja hamsini na nane kwa tisini na saba. Juliana akaandika, kisha akaiweka kalamu chini taratibu.

“Baba Hosiana, hii siyo presha ya ugonjwa,” alisema. “Mwezi wa pili ulikuja hapa una mia moja ishirini na mbili, kama kijana. Hii ni hofu. Lakini mashine ya India haitakuuliza kama ni hofu au ni nini. Itasoma namba tu. Wakiiona hii watakurudisha nyumbani na figo zako zote mbili.”

Amosi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameitumia chini ya ardhi ya Bugarama, katika maduara ya wachimbaji wadogo, yale mashimo yanayoshuka wima kuufuata mwamba wenye dhahabu. Siku moja aliwahi kukwama huko chini kwa muda wa saa tisa, watu wakiondoa kifusi kilichoziba njia. Alipotolewa alioga, akala, akalala. Leo ndege, kitu ambacho watoto wadogo hupanda huku wanatafuna biskuti, ilikuwa imemtoa jasho la viganja kwa wiki tatu mfululizo.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Dada yake aliyemfuata kuzaliwa, Euphrasia, mwalimu wa shule ya msingi pale Shinyanga mjini, figo zake zilikuwa zimekufa. Kwa kuwa na moyo wake ulikuwa na kasoro, madaktari waliandika apelekwe India. Yeye na mumewe Athanas walikuwa wametangulia wiki sita. Ndugu wanne walipimwa, na aliyefaa kumtolea figo alikuwa Amosi peke yake. Mdogo wao Edson, ambaye ndiye angemsindikiza, alinyimwa visa dakika za mwisho. Ikabaki Amosi asafiri mwenyewe, ndege mbili, saa tano na nusu hadi Uarabuni, kisha saa nne nyingine.

Athanas alipopiga simu hakuficha kitu. Mishipa ya mkono wa Euphrasia, ile ya kusafishia damu, ilikuwa imeanza kuziba, na madaktari walishasema hawataweza kuendelea nayo muda mrefu. Amosi angefika, angepimwa presha siku tatu. Ile ya siku ya tatu ikiwa chini ya mia moja arobaini, upasuaji. Ikiwa juu, basi. Hakuna ndugu mwingine wa kuitwa.

Kwa hiyo hofu yenyewe ndiyo ilikuwa hatari. Amosi alilielewa hilo, na kulielewa kulimzidishia hofu. Kila akikumbuka kwamba hatakiwi kuogopa, moyo ulikimbia.

Mkewe Violeth alimwondolea chumvi kwenye mboga. Akaacha kumpa chai ya rangi, akawa anampa uji. Jioni walipiga magoti pamoja, na Violeth aliomba kwa sauti tulivu, maneno machache, kama mtu anayezungumza na jirani yake kupitia uani. Amosi naye aliomba. Aliomba ndege isianguke, aliomba presha ishuke, aliomba asitapike mbele za watu. Alipokwenda Songwa kumuaga mama yao, Bi Nyamizi, bibi yule alimwekea mikono kichwani, kisha akasema kwa Kisukuma kwamba aende akamlete mdogo wake. Hakusema kuhusu ndege. Amosi alitamani aseme.

Pale kazini ndiyo usiseme. Marwa, mtu wa winchi, mashine ile ya kuzungusha kwa mikono inayoteremsha watu shimoni kwa kamba, alimcheka mpaka akakaa chini.

“Mkubwa, sisi tunakushusha mita sabini kwa kamba iliyoungwa mara mbili, na wewe unaimba pambio,” alisema. “Leo umewekewa kiti, mkanda na kuku, unatetemeka?”

Wengine wakaangua kicheko. Amosi akacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilimuuma. Alikuwa anaogopa nini hasa? Urefu? Mita sabini nazo ni urefu, tofauti ni kwamba zinakwenda chini. Alijiuliza hivyo siku nzima.

Siku ya safari, Edson alimsindikiza kwa basi hadi Dar es Salaam, akampeleka mpaka mlango wa uwanja wa ndege, pale ambapo asiye na tiketi haruhusiwi kupita. Akampa karatasi aliyomwandikia hatua zote: hapa onyesha pasi, hapa vua mkanda wa suruali, hapa fuata namba. Kisha akamshika bega, akageuka haraka haraka. Amosi akajua kwamba na yeye anaogopa.

Alipita kote salama. Kwenye ukumbi wa kusubiri alikaa, akatoa kwenye begi kipimo kidogo cha presha alichoazimwa na Juliana, akajipima. Mia moja sitini na sita kwa mia moja na moja. Akakitazama kana kwamba kimemtukana.

“Kaka, hapo unapima nini, petroli?” akauliza mama mmoja mnene wa kiti cha pembeni.

Aliitwa Apolonia. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda Uchina, na mpaka Uarabuni wangekuwa ndege moja. Amosi hakukusudia kumweleza mambo yake, lakini alijikuta amemwambia yote, figo, mishipa, siku tatu, namba. Apolonia aliacha utani. Akamwambia kwamba mara ya kwanza na yeye alilia mpaka chakula kilipoletwa, na kwamba hii ni safari yake ya kumi na nne.

Wakaitwa. Wakapanga foleni kwenye ule ujia mrefu unaokwenda mpaka kwenye mlango wa ndege, Amosi mbele, Apolonia nyuma yake. Pale ujia unapoishia na ndege inapoanzia pana ufa mwembamba. Amosi aliinua mguu ili auvuke, akatazama chini, akaona giza kidogo na hewa ikipanda. Mguu ukarudi wenyewe.

Hapo ndipo alipoelewa.

Kwenye duara lao hakuna mtu anayeweka mguu kwenye kitanzi cha kamba kabla hajauliza nani yuko juu. Wa winchi anajibu kwa jina lake. Anayeshuka naye anataja jina lake, na uzito wake pamoja na vifaa, ili wa juu ajue anabeba nani na anabeba nini. Jina likishasikika, unashuka. Lisiposikika, hushuki, hata kama bosi anapiga kelele. Miaka ishirini na miwili Amosi hakuwahi kuning’inia mikononi mwa mtu asiyemjua jina. Si urefu uliokuwa ukimkimbiza moyo. Ni kwamba huko juu hakuna aliyemjibu.

“Naomba jina la anayeendesha,” alimwambia mhudumu wa mlangoni.

Msichana yule alitabasamu na kunyoosha mkono apewe tiketi. Hakujua Kiswahili. Amosi akarudia. Nyuma mtu akasonya. Foleni ikaanza kubanana.

“Kaka, ingia, watu wanasubiri,” Apolonia akamnong’oneza.

“Siwezi kuweka mguu kabla sijajua jina lake. Mwambie.”

“Hawaulizwi hivyo. Utadhaniwa mtu mbaya.”

Na kweli, mhudumu mwingine, mwanamume, alikuwa ameshafika, na uso wake haukuwa na tabasamu. Mtu anayesimama mlangoni mwa ndege akimuulizia rubani si jambo la kuchekea. Alimtazama Amosi mikono, akatazama begi. Amosi alisikia damu ikimgonga masikioni. Aliona wazi jinsi itakavyokuwa: atatolewa kwenye foleni, ndege itaondoka, na Athanas atapokea simu.

Apolonia akapenya mbele yake. Kwa Kiingereza chake cha sokoni, mikono ikisaidia, alieleza. Alizungusha winchi hewani. Alivuta kamba. Aligusa ubavu wake kuonyesha figo. Yule mwanamume alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia kwenye kile chumba cha mbele, ambacho mlango wake ulikuwa bado wazi. Akatoka na rubani mwenyewe, mzee mwenye mvi na shati lenye mistari mabegani.

“Henrik,” mzee akasema, akijigusa kifua.

Amosi akasimama wima.

“Amosi. Kilo sabini na mbili. Begi kilo tano.”

Apolonia alitafsiri huku akiziba mdomo kwa kicheko. Mzee hakucheka. Alirudia jina, akarudia na kilo, kwa lugha yake, polepole, kama mtu anayezipokea. Amosi akavuka ufa.

Haikuwa dawa ya kumponya papo hapo. Ndege ilipoinua pua alishika mkono wa Apolonia mpaka mama wa watu akamwambia kwamba vidole hivyo anavihitaji Uchina kuhesabia mizigo. Lakini ilipopita saa moja alijipima, na namba ilikuwa mia moja arobaini na nne kwa tisini. Bado haikutosha. Ila ilikuwa imeanza kushuka.

Uarabuni waliagana. Apolonia alimfikisha kwenye namba yake ya mlango, akamwambia asione haya, aulize jina tu. Akaenda zake akiburuta begi.

Mlango wa ndege ya pili haukuwa na mtu wa kumsaidia. Mhudumu alikuwa kijana mwenye haraka, chumba cha mbele kilikuwa kimeshafungwa, na nyuma ya Amosi walikuwapo kina mama wenye watoto wachanga wanaolia. Aliuliza. Kijana akamwelekeza kiti. Akauliza tena, akielekeza kidole kwenye mlango uliofungwa. Kijana akatikisa kichwa kwa upole, akamwelekeza kiti tena.

Amosi akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, kwa yule ambaye Violeth huzungumza naye kila jioni: “Mimi Amosi. Kilo sabini na mbili.” Akasubiri. Mtoto mmoja alikohoa. Mtu akamgusa mgongoni, siyo kwa ubaya. Hakuna jina alilolisikia.

Akaingia hivyo hivyo.

Katikati ya safari ndege ilianza kutikisika, vikombe vikagongana, taa ya mikanda ikawaka. Amosi alifumba macho aombe kama alivyozoea, ndege isianguke, presha ishuke. Maneno yakamkwama. Ilimjia kwamba kwa wiki tatu alikuwa ameomba kwa ajili ya mwili wake tu. Hakuwa amemtaja Euphrasia kwa jina hata mara moja tangu Bugarama. Aliona aibu kubwa, peke yake pale kwenye kiti, mkanda umembana tumbo. Akaanza upya. Alimtaja Euphrasia. Alitaja mkono wake, mishipa yake, moyo wake wenye kasoro, wanafunzi wake wa darasa la tatu. Alimtaja alivyokuwa mdogo, na yeye Amosi alivyokuwa akimbeba mgongoni kwenda kisimani Songwa. Alipofika kwenye mambo ya utotoni alikuwa ameacha kusikiliza injini. Kipimo kilibaki kwenye begi. Hakukitoa.

Athanas alimpokea, wakaenda moja kwa moja hospitali. Kipimo cha kwanza kilikuwa mia moja thelathini na nane kwa themanini na sita. Daktari alikunja midomo, akasema kinavumilika kwa leo, kesho na kesho kutwa wataona. Cha siku ya pili kilipanda kidogo. Mia moja arobaini na moja. Siku hiyo Athanas hakula chakula cha mchana.

Euphrasia waliruhusiwa kumwona jioni. Uso ulikuwa umevimba, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

“Kaka, shikamoo. Uliogopa?”

“Marahaba. Niliogopa mpaka nikachoka.”

Alicheka, kikohozi kikamkatiza. Kisha akamuuliza habari za mama, na kama mvua imenyesha Songwa.

Asubuhi ya tatu Euphrasia aliomba asukumwe kwa kiti cha magurudumu mpaka chumba cha vipimo. Muuguzi hakupenda, lakini alimwacha. Amosi alikaa, akanyoosha mkono. Kitambaa kikaanza kujaa upepo na kubana. Jasho lilikuwa limeshaanza viganjani, macho yakaitafuta namba.

Euphrasia akanyoosha ule mkono wake mzima, akaigeuza mashine imtazame yeye.

“Wewe usiangalie,” alisema. “Mimi nitakuambia.”

Amosi akatazama ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani hafifu na ulikuwa na msumari usioshika kitu. Alisikia upepo ukitoka kwenye kitambaa taratibu, kidogo kidogo. Mashine ikalia. Euphrasia akainama karibu na namba.

“Mia moja ishirini na sita,” alisema, na sauti ikamkatika. Akajaribu tena. “Kwa themanini, kaka.”

Muuguzi akavuta karatasi, akaanza kuandika.