Paka Wawili Weusi

Jua lilimpiga mchanjaji wa mbwa na paka tangu asubuhi. Mgongo ulimuuma, mkono wa kulia ulijaa alama za makucha ya paka, na suruali ilinuka mkojo wa watoto wa mbwa walioshindwa na hofu. Alibakiza nyumba moja, ya shangazi yake. Baada ya hapo kitanda.

Shangazi alimletea paka wadogo wawili ndani ya beseni, weusi tititi. Mchanjaji akamchoma mmoja. Desturi yake ni kumpaka mnyama rangi kisogoni palepale, lakini uchovu ulimlaghai. Akamrudisha paka kwenye beseni na kuvuta kwanza dozi iliyobaki, ya mwisho kwenye chupa. Alipogeuka, paka walikuwa donge moja la manyoya.

"Shangazi, nimemchoma yupi?"

"Unaniuliza mimi? Nani ameshika sindano?"

"Wamefanana."

"Hata wewe na nduguyo mlifanana, na sikumpa mtu uji mara mbili."

Mchanjaji akawanusa kutafuta spiriti. Wapi! Walikuwa wamelambana, wote wananuka. Kubahatisha hakukumwingia akilini: mbwa mwenye kichaa alikuwa ameuma watu mtaa ule juzi tu, na mjukuu wa shangazi hulala na paka hao kifuani.

"Choma wote," shangazi akasema. "Mmoja akipata mbili atakufa?"

"Hafi. Lakini dozi imebaki moja, itabidi nifungue chupa mpya. Na chupa ikifunguliwa haifiki kesho. Nimwage chupa nzima kwa ajili ya paka? Bosi atanimeza mzima."

"Kwani nani kasema umwage? Nusu ya mtaa wamekuficha wanyama. Wanaogopa sindano kuliko kichaa chenyewe."

Mchanjaji aliitazama njia ya kwenda kwake. Akashusha pumzi, akang'oa kifuniko cha chupa mpya.

"Haya, waite."

Shangazi akashika kiuno, sauti ikavuka ukuta: "Enyi waoga! Toeni hao mbwa kabla sijaja kuwatoa mwenyewe chini ya vitanda!"

Kisha mlango mmoja ukalia, na jirani mwenye kitambi akachungulia, kitoto cha mbwa kimetokeza kichwa shatini mwake.

"Haiumi?"

"Itamuuma yeye, siyo wewe," shangazi akamjibu. "Njoo."

Nyuma yake milango mingine ikaanza kufunguka. Mchanjaji akawachoma paka wote wawili.

"Shangazi, niletee kigoda."

"Kipo, ila mguu wake mbovu."

"Lete hivyohivyo. Hata yangu si mizima."