Mshika Nyuzi

Fatimah aliingia kwenye jumba la sanaa na kijiba chake cha roho, akakipitisha mlangoni bila mtu kumuuliza. Alikuja kutafuta kasoro. Alitaka moja tu, mshono uliolegea au uzi uliokazwa mno, ili arudi dukani kwake Lake Street, huko huko Minnesota, akauze madira yake kwa amani.

Hakuiona. Makanzu ya mdogo wake Lubna yalining'inia kutoka darini, marefu kupita kimo cha mtu yeyote, na shingoni mwa kila moja ilishuka tarizi ya hariri nyekundu hadi karibu na sakafu. Ndiyo kazi aliyoifanya mama yao Lamu maisha yake yote, ukingo wa hariri unaosukwa papo hapo kwenye nguo. Haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anashika sindano, na mwenzake anakaa mbele yake, nyuzi zimemzunguka vidoleni, akizipishanisha kila mshono unapopita. Macho ya mama yalipochoka, aliwakalisha mabinti zake: Lubna sindano, Fatimah nyuzi. Tangu hapo hakuna aliyewahi kukaa mbele ya Lubna isipokuwa yeye.

Sasa anakaa Velma. Na Velma ni nani? Muuguzi wa Kakamega anayeishi Anoka, ambaye mpaka mwaka jana hariri aliijua kwenye skafu za kanisani tu. Leo picha yake hiyo hapo ukutani, kubwa kama mlango, amekaa goti kwa goti na Lubna, nyuzi katikati yao. Fatimah aliitazama mpaka roho ikamuuma.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba alijitakia. Majira ya baridi yaliyopita Lubna alimjia na habari kuwa amepata maonyesho, akamwomba amshikie nyuzi. Fatimah akasema hana muda, ana duka. Wala hakumaanisha! Kwao mtu mzima akiombwa jambo la heshima hukataa kwanza, akabembelezwa, akaletewa halua, akakataa tena kidogo, ndipo akakubali. Fatimah alikwisha kuweka akilini hata kahawa atakayopika siku ya kubembelezwa. Lubna, aliyeondoka Lamu bado msichana akakulia Minnesota, akasema, "Okay, dada, nimeelewa," na hakurudi tena na ombi lile.

"Da' Fatimah!" Velma alimjia mbio, mikono imefunguliwa. "Nimetaka sana kukuona! Unajua ile miezi ya kwanza sistako alikuwa ananiita jina lako? 'Fatimah, vuta. Fatimah, legeza.' Namwambia mimi ni Velma, anacheka mpaka anatoa machozi."

Fatimah alitabasamu kwa meno tu. Lakini maneno yale aliyaficha moyoni, akayarudia peke yake akizunguka baina ya makanzu. Kumbe kiti bado kilikuwa chake.

Alasiri wageni walikusanyika kuona kazi inavyofanywa. Lubna na Velma wakakaa katikati ya ukumbi na kanzu moja magotini. Maswali yakawa mengi, muda ukaenda, na tarizi ilikuwa nusu Velma alipoitazama saa.

"Lubna, shift yangu Coon Rapids, na bado nita-drive kwa hii snow."

Nyuzi zile huziachii tu. Ukiziachia, kazi inaporomoka. Lubna akainua macho, akayatembeza ukumbini mpaka yakamfikia dada yake.

"Dada. Njoo unishikie."

Safari hii Fatimah hakukataa hata kwa adabu. Alivua koti, akakaa, na Velma akamvisha nyuzi kidole kwa kidole, zikiwa bado na joto la mikono yake. Fatimah alilichukia joto lile. Sasa waone, alisema moyoni. Waone mwenyewe amerudi.

Akaanza kama walivyofundishwa, kulia juu ya kushoto, vuta. Vidole havikusahau kitu. Lakini baada ya mishono michache Lubna alisimamisha sindano. Pale kazi mbili zilipokutana, mistari ya hariri iliyokuwa ikielekea upande mmoja iligeuka ghafla, ikaacha kovu.

"Dada, tunaanza kushoto," alinong'ona.

"Mama alianza kulia."

"Najua. Velma anatumia kushoto. Ikabidi nigeuze mkono wangu nimfuate."

Mkono ule aliofundishwa na mama! Fatimah hakuwahi kuona wivu wa namna hiyo, hata kwa mumewe. Angeweza kufungua vidole tu, na kazi yote ya Velma ingeporomoka mbele ya watu. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati. Lubna alikuwa ameshaanza kuifumua mishono ya dada yake, mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano.

"Tayari?"

Fatimah akaanza kushoto. Alikwama, akapata, akakwama tena, na taratibu kazi ikashika mwendo. Lubna akainama, akawasahau wageni, uso wake ukatulia vile ulivyokuwa ukitulia utotoni. Sindano ikapita. Nyuzi zikachelewa kidogo.

"Vuta, Velma," alisema bila kuinua macho.

Fatimah akavuta.