Bei ya Shujaa kwa Kilo

...kwa sababu mtu mzima hashikwi shingo na kaka yake mbele ya wateja, na huyu wa plastiki naye ni mtu mzima, ana viungo thelathini na kitu, ana mishipa ya shingo, ana koti la ngozi lililoshonwa na mtu mwenye subira kuliko mimi, na kaka yangu, tumbo moja ziwa moja, amemtoa kwenye rafu nyuma ya kaunta bila hata kunawa, amemlaza juu ya mizani, kwenye sahani ile ile niliyopimia figo asubuhi, na sasa anawaita watu, "Njooni muone, nusu kilo haifiki! Nimesoma bei kwenye boksi, jamani, ni sawa na mbuzi watatu! Mdogo wangu kanunua mdoli kwa mbuzi watatu!" na wateja wanacheka, hata mama yule anayesubiri mbavu anacheka, na mimi shoka liko juu, nimelinyanyua kwa ajili ya mbavu, Mungu ni shahidi, kwa ajili ya mbavu tu, ila yeye ameliegemea gogo langu la kukatia, kiganja cha kushoto kimetua pale pale penye damu, vidole vimetawanyika kama vile dunia ni yake peke yake... ningeanzia kwenye kifundo, kifundo hakina ubishi ukikijua, pigo moja na nusu, mfupa mwembamba unatangulia, mnene unafuata, halafu ningeuweka huo mkono kwenye sahani nione mshale unasimama wapi, nami niwaite watu waje waone... mbuzi watatu, ndiyo, na mke wangu anajua ni mmoja, leo atajua hesabu yote, kaka hana siri tumboni, kila wiki anakuja eti kunisalimia na salamu zake haziishi mpaka afungiwe maini... lakini atajuaje kwa nini watatu, anajua kipimo kimoja tu, cha kilo, mimi nilipima miezi, nikalala nacho nikaamka nacho, yule muuzaji wa sanamu aliniambia, "Mzee, chukua wa moja kwa kumi na mbili, kimo cha mtu ukikigawa mara kumi na mbili, ni mbuzi mmoja tu, anakaa kiganjani, kabati moja linabeba jeshi zima," na kweli, ukimtaka wa moja kwa nne huyo ni mgeni wa kudumu, umtafutie chumba na kitanda, lakini mdogo naye, ukimsogeza karibu, jicho lake ni nukta, tone la rangi, humjui kama ana hasira au ana usingizi, ila moja kwa sita... mpange mara sita unapata mtu kamili, jicho lina unyevu, taya limekaza, anaogopa na bado amesimama, nikasema huyu, huyu nampa hao mbuzi watatu, roho yangu imempenda... na mchana kutwa mimi natenganisha viungo, nyonga huku, bega kule, jioni nirudi nyumbani na mtu ambaye viungo vyake vyote vipo na vinarudi mahali pake, ni kosa hilo?... "Huyu mkono wake unazunguka mpaka wapi?" anauliza kaka, amemnyanyua, anampinda mkono kwa nyuma, taratibu, anacheka, na mimi nimeujua huo mzunguko kabla haujafika, ule ni wangu, ule ni bega langu, hili hili lililobeba shoka sasa hivi na linalouma kila kukiwa na baridi, siku ile yeye ana miaka kumi na minne mimi saba, goti lake mgongoni, mdomo wangu umejaa vumbi, "Sema wewe ni nani! Sema wewe ni takataka!" na nikasema, nilisema mara ya kwanza tu alipouliza, akaendelea kupinda, nikasema tena, akaendelea, mpaka likalia, ko, mlio ule nilikuja kuusikia tena siku niliyofundishwa kutoa paja la ng'ombe kwenye nyonga, nikatapika, fundi wangu akadhani ni harufu... na mama yetu kibarazani anachambua mchele, hakuinua hata shingo, majirani walipokuja akawaambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakaenda kulima kweli, wote, wakaniacha... tulikuwa tunagombana? mwaka jana ubahili ulinipata, nikanunua adui wa moja kwa kumi na mbili nikamsimamisha mbele ya shujaa wa moja kwa sita, nikambadilisha mkao huu na ule, nikampa upanga, nikampa na ngao, haikuwa vita, kila nilivyowapanga yalikuwa ni mauaji, shujaa wangu kageuka jitu na adui kageuka mtoto, nikawatenganisha, nikakaa kitandani nalia, mwanaume mwenye ndevu, na hapo ndipo nilipomjibu mama, miaka ishirini yuko kaburini nikamjibu, hapana mama, hatukugombana, vipimo havikuwa sawa... ko.

Mkono umetoka. Mkono wa shujaa umebaki kwenye vidole vya kaka, na mshipi wa koti umekatika, na mteja mmoja amesema aah, na kaka anasema, "Si utabandika? Gundi tu hii, acha kununa," na kiganja cha kushoto bado kiko kwenye gogo, hajakitoa, hajawahi hata kufikiri kwamba kuna siku angetakiwa kukitoa, na shoka lina uzito mzuri, nimelinoa alfajiri, lenyewe linataka kushuka, mimi nalizuia tu... halafu anainua macho. Analiona shoka, ananiona mimi chini yake, anarudi kwenye shoka, na kicheko kinamkauka usoni, mashavu yanaanguka, loo, kazeeka lini huyu, shingo imekuwa kama ya kuku, yeye kasimama sakafuni na mimi nimesimama juu ya ngazi ya kaunta, kichwa chake kinanifika kifuani, lini alikuwa mdogo hivi, na mkono wala hautoi, hofu imemgandisha, anasema, "Mdogo wangu... mdogo wangu, taratibu," sauti nyembamba, na mama wa mbavu anasema, "Jamani, jamani," na mimi ni neno moja tu natakiwa kusema, kaka toa mkono, kaka toa mkono nikate mbavu za watu, ni jepesi, liko kwenye ulimi, na silisemi, sekunde hii silisemi, na ijayo silisemi, kwa sababu midomo yake inatetemeka na kitu cha moto kinanipanda kutoka tumboni, kitamu, kitamu kuliko chochote nilichowahi kununua, na ninataka aendelee kutetemeka, aombe, na akishaomba aombe tena... kumbe ndiyo hii. Kumbe hii ndiyo aliyokuwa anaisikia, goti lake likiwa mgongoni kwangu, na mimi nilidhani ni chuki, kumbe ilikuwa raha, na sasa ni yangu, na shoka liko juu, na sijui raha kama hii mtu anaishushaje.