Damu ya Kibwana

Mimi nilipewa maneno ya watu wawili na pumzi ya nusu mtu. Pumzi ilipunguzwa na ugonjwa wa damu niliozaliwa nao: damu ilikuwa ikiisha yenyewe mwilini, viungo vikiniuma hata nikalia, kisha nikapata nafuu, kisha mambo yakaanza upya. Mwaka wa hamsini na sita yalianza kwa kishindo. Nikashindwa hata kunyanyua kata ya maji, na mume wangu Kibwana akanipakia kwenye lori la mbata za nazi lililokuwa likirudi tupu, kutoka Diani mpaka hospitali ya Msambweni.

Daktari akasema nitiwe damu ya mtu mwingine. Kwetu hakuna aliyewahi kutiwa, na nisiseme uongo, katikati ya hofu niliona fahari kidogo. Walimpima mama yangu, damu yake ikakataa kupatana na yangu. Wakampima Kibwana, ikapatana.

"Nyinyi mmeoana mpaka damu," akasema nesi Rispah, msichana wa Rabai mwenye kucheka ovyo.

Kibwana hakucheka. Alibadilika uso, akatoka nje. Mimi nikawaka. Mtu akwea minazi mirefu mwaka mzima, panga kiunoni, leo anakimbia sindano! Nililala pale nikimpangia matusi, na kwa kuwa sikuwa na pumzi ya kuyatoa, niliyaweka akiba.

Alirudi baada ya sala ya adhuhuri, uso umeoshwa. Akasimama kando ya kitanda akanitazama sana, kisha akanishika mkono.

"Mwanapili, nisamehe yote niliyokukosea. Mimi nimekusamehe yako."

"Kwani unakwenda Maka?" nikamwuliza.

Alikwenda chumba cha pili akalala, akanyosha mkono, wakamtoa damu.

Chupa ilitundikwa kwenye chuma juu ya kichwa changu, na mpira mwembamba ukashuka mpaka mkononi. Mwanzo niliogopa kweli. Nilihisi baridi ikipanda kwenye mkono, nikasoma kila sura niliyoihifadhi, nyingine nusunusu. Kisha baridi ikaondoka. Masikio yakapata joto. Nikatazama kucha zangu, nikaona zina rangi, nikamwita Rispah azione, nikamwita tena azione vizuri.

Basi hapo nikaharibika. Nilitaka papa wa nazi. Nilitaka muhogo. Nilimwambia bibi wa kitanda cha pili habari za ukoo wetu wote, na aliyekosana na nani, na kwa nini, na yeye akaniimbia wimbo wa harusi wa Kidigo, nami nikaitikia huku mabega yakicheza. Rispah alikuja kunionya nisiuchezeshe mkono wenye sindano. Nikamwambia mkono huo umetulia, ni mabega tu. Nilikuwa nimelewa raha, na sijapata kulewa vile tena.

Kibwana aliingia na kikombe cha chai. Nilimnyoshea mkono, naye akakiweka kikombe mezani, vidole vyetu visikutane, akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Waonaje hali, dada?"

"Dada yako nani?"

Akatazama chini. Nikasema moyoni, maskini, wamemtoa damu nyingi, kizunguzungu. Nikacheka, nikanywa chai yangu.

Kesho yake akaja na Mwalimu Chirau, aliyetufundisha Kurani chuoni na ndiye aliyetuozesha.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi, leo una uso."

Kibwana akakohoa. "Mwalimu, nilitaka kujua eda yake ihesabiwe tangu lini. Tangu chupa ilipoanza, au ilipokwisha?"

Nilikaa kitako. Juzi hata kugeuka sikuweza, lakini hilo lilinikalisha. Eda hukaa mke aliyeachwa au aliyefiwa, na mume wangu alikuwa mbele yangu, mzima. Ile akiba ya matusi ikanijia mdomoni.

"Kumbe umenitia damu nipate nguvu ya kubeba vitu vyangu nirudi kwetu?"

"Sikukuacha," akasema. "Lakini walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani. Hayo ni maziwa tu. Mimi nimekupa damu yenyewe. Mama yangu nimekwisha kumwambia kuwa amepata binti. Mkeka wangu nimeuhamishia kwake, nyumba utakaa wewe."

Mwalimu alijikuna ndevu, akijizuia.

"Kibwana mwanangu. Maziwa yanayofanya udugu ni ya mtoto mchanga, hajatimiza miaka miwili. Na ni maziwa, si damu. Huyu ana meno kinywa kizima, na ulimi wake unaujua. Mke wako ni mke wako."

Kisha akashindwa, akacheka mpaka kofia ikamtoka. Rispah akacheka, bibi wa kitanda cha pili akacheka, nami nilicheka kuliko wote, nimeshika mbavu. Ni katikati ya kicheko hicho ndipo jambo lenyewe liliponiingia.

"Kibwana. Jana ulipolala pale ukanyosha mkono, ulidhani ndiyo mwisho wetu?"

"Nilidhani."

"Na ukatoa."

"Ungekuwa hai," akasema. "Ningekuwa nakusikia ng'ambo ya ua, ukigombana na watu."

Nililia, sikuona haya. Nikasogea ukutani, nikamwambia aondoke kwenye kigoda aje akae hapa, karibu, na alipokuja nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote mpya, mbele ya Mwalimu, jambo ambalo kwetu halifanywi. Mwalimu akaokota kofia yake, akageuka, akaanza kumsalimu bibi wa kitanda cha pili.